Sabuni kwenye Tangi la Babu

Nianze na aibu yenyewe, tuimalize, tuendelee kwa amani: nilikojoa kwenye pikipiki. Tena siyo pikipiki iliyosimama, ilikuwa inatembea. Na sikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Meno mapya ya mbele yalishaota, nilikuwa najua kuandika jina langu, na nilikuwa naweza kumtukana mtu kwa Kinyiha na kwa Kiswahili bila kuchanganya. Mbele yangu kwenye siti alikuwa amekaa babu mzaa baba, na siti ile ilikuwa na mteremko wa kwenda mbele. Mengine malizieni wenyewe.

Kilichonikumbusha ni harufu. Mimi hapa Tunduma nauza chai na chapati, karibu na mafundi. Pikipiki za siku hizi hazina harufu ya maana, zinapita tu. Lakini juzi mzee mmoja katoka upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka kule Zambia, na lile dude la zamani, lile ambalo oili unaichanganya humohumo kwenye petroli, likaacha moshi wa buluu umelala juu ya chapati zangu. Wateja wakakohoa, wakasonya. Mimi nikabaki nimesimama na kijiko hewani, pua juu kama mbwa aliyesikia harufu ya nyama. Skola, rafiki yangu tangu darasa la kwanza kijijini kwetu Igamba, ambaye sasa anauza mitumba meza ya jirani, akaniita, "Liza! We Liza, chapati inaungua!" Ilishaungua. Nikamhadithia yeye kwanza, na sasa nawahadithia nyie.

Pikipiki ya babu aliiacha bwana shamba mmoja aliyehamishwa akashindwa kuondoka nayo. Sisi tulikuja kujua baadaye kwa nini alishindwa. Watu wa Igamba waliiita Kikohozi. Ikiwashwa kwetu, mbwa wa kanisani walijibu. Ililala sebuleni, kwenye kona nzuri kuliko yangu, imefunikwa blanketi siku za baridi, na asubuhi za mwezi wa sita babu alikuwa anaipasha plagi yake pembeni ya jiko kama mtu anavyopasha kiporo, anairudisha ikiwa ya moto, ndipo anapiga kiki.

Babu alikuwa hatulii. Sijui niwaelezeje. Kuna watu wanaotengeneza kilichoharibika. Babu kitu kizima ndicho kilichomkera. Kikohozi ikitembea wiki nzima bila shida, Jumamosi anaamka ana wasiwasi, anaizunguka, anaigonga na spana hapa na pale, anainama anasikiliza. "Chuma kikinyamaza, kina mpango," alikuwa anasema. Basi anatandika gunia uani, anaanza kufungua. Plagi anaisugua kwa brashi ya waya. Kabureta anaipuliza mpaka mashavu yanavimba, halafu anaizibua tundu kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Gasketi anakata kwenye boksi la sabuni, anaipaka grisi. Cheni anailaza kwenye sufuria la oili chafu. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika bakuli la bati lenye nati na kupigiwa kelele.

"Mke wangu, umeniletea nati namba kumi na mbili, nimekuomba namba kumi!"

"Mume wangu, macho yako yamezeeka, hiyo ni kumi!"

Ndivyo tulivyokuwa. Mjukuu na babu ni utani tu, kwetu hilo halina shida. Shida ilikuwa kwa mama.

Mama alikuwa mkwe wa babu, na kwa mila yetu ya zamani mkwe na baba mkwe hawatazamani usoni. Mama akimwona babu anakuja njiani, anaingia kwenye shamba la kahawa mpaka mzee apite. Babu naye kabla ya kuingia uani anakohoa kwanza, ili mama apate nafasi ya kuzunguka nyuma ya jiko. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawasemezani. Siyo kwamba waligombana, hapana. Ilikuwa heshima, na wote wawili waliishika sawasawa. Baba alikuwa hayupo muda mwingi, alikuwa huku Tunduma anavusha mchele na sabuni, bibi alishafariki. Kwa hiyo nyumba nzima iliendeshwa na watu wawili wasiosemezana, na simu yao ilikuwa mimi.

"Mwambie babu yako ugali tayari."

"Babu, ugali tayari."

"Mwambie mama yako nimesikia."

Wote tumo ndani ya uwanja mmoja mdogo, wanasikiana mpaka pumzi, lakini lazima maneno yapite kwangu kama mizigo inavyopita mpakani.

Jumamosi hiyo Kikohozi ilikuwa imelala kwenye gunia vipande vipande. Babu alikuwa amegundua tangi linavuja kidogo kwa chini, tone moja hapa, tone jingine pale. Akakata kipande cha sabuni ya mche, akakiloweka kidogo, akakikandamiza kwenye ufa. Msicheke. Sabuni na petroli hazielewani, inaziba kabisa, mafundi wa zamani wote wanajua. Ila babu hakuiamini. Kila mara anaipapasa kwa kidole, ananusa kidole, anaipapasa tena.

Ndipo mama akatoka jikoni akiwa amemkumbatia mdogo wangu Eze. Hakuzunguka nyuma ya jiko. Alisimama palepale mlangoni, kageuza uso pembeni, akaniambia mimi, "Mwambie babu yako mtoto anachemka. Amekakamaa mara moja, macho yamekwenda juu."

Sikuwa na haja ya kusema. Babu alishaanza kukusanya vyuma.

Sijawahi kuona pikipiki inafungwa vile. Anafunga huku anaongea peke yake. Mimi narusharusha nati, nakimbia huku na huku, mama anatembea uani kwenda na kurudi, Eze analia kile kilio cha kukwaruza. Lori la kahawa lilishapita alfajiri. Gari jingine hakuna mpaka jioni, na jioni ilikuwa mbali sana. Hospitali ni Vwawa, barabara ya vumbi mpaka Mlowo, ndipo upate lami. Mwisho kabisa babu akamaliza, nikatazama bakuli, nati moja imebaki.

"Babu, hii?"

"Hiyo haina kazi," akasema, akaitia mfukoni.

Halafu wote tukasimama kuitazama siti. Siti moja, ndefu, imefunikwa nailoni ya mfuko wa mbolea. Mama na babu wangekaaje hapo, kifua kwa mgongo? Hata mimi nililiona. Babu akatazama ardhi.

"Mwambie mama yako, wewe utakaa katikati."

Basi ndiyo nikawa ukuta. Babu mbele, mimi katikati, mama nyuma yangu na Eze mgongoni kwake amefungwa na kitenge. Nikaambiwa nikae wima, nisisogee wala kuinama. Na mimi asubuhi ile nilikuwa nimekunywa uji kikombe kile kikubwa cha baba, kwa uchoyo tu, ili Skola aliyekuwa amekuja kucheza asikute kitu. Na kwa zile mbio zote sikwenda chooni.

Kikohozi ilikuwa na sharti moja ambalo hata kuku wetu walilijua: ukiizima ikiwa ya moto, haiwaki mpaka ipoe. Utapiga kiki mpaka goti lihame. Kwa hiyo babu alishasema kabla ya kuondoka, "Hakuna kusimama njiani. Mtu asiseme simama."

Tukaondoka. Vumbi jekundu, makorongo, kila korongo uji unapiga hodi. Nilibana magoti. Nikaimba kichwani wimbo wa kanisani, nikaanza wimbo mwingine, nikahesabu miti nikachanganyikiwa. Nilitaka kusema simama. Lakini nyuma yangu nilikuwa nasikia joto la Eze linapita kwenye mwili wa mama mpaka kwangu, na mama alikuwa hatulii, kila saa anapeleka mkono nyuma kumpapasa miguu. Tena nikawaza, nikishuka mimi, ukuta unashuka. Watakaaje?

Kwenye korongo moja kubwa karibu na kijito, ukuta ukavuja.

Mnajua ile raha ya ghafla halafu hofu inakuja nyuma yake? Nailoni haifyonzi kitu. Yote ikateremka mbele, taratibu, kwa uaminifu, mpaka kwenye suruali ya kaki ya babu.

Babu akaruka kama kachomwa. "Tangi!" akapiga kelele. "Sabuni imeachia! Shukeni! Shukeni, itawaka!" Akazima injini.

Tukashuka. Kikohozi inatoa mlio wa tik, tik, wa chuma cha moto. Babu kapiga magoti, kaingiza kidole chini ya tangi. Kikavu. Akanusa. Akapapasa tena. Sabuni imekaa palepale, haina hata ufa wa unywele. Akaishika suruali yake, akaikamua kidogo kati ya vidole viwili, uso umejaa maswali.

Mama, amegeukia shamba la kahawa la watu, akasema, "Mwambie babu yako siyo petroli."

"Babu, mama anasema siyo petroli."

"Mwulize mama yako, kama siyo petroli ni nini?"

"Mama, babu anauliza ni nini?"

"Mwambie petroli ikimwagika kwenye nguo inakuwa ya baridi."

"Babu, mama anasema petroli ni ya baridi."

Babu akawaza. "Ni kweli," akasema. "Hii ni ya moto. Sasa mwulize—" Ndipo akanitazama gauni.

Jamani, katika maisha yangu nimebeba habari nyingi za watu. Sijawahi kubeba habari nzito kama ile, tena nikiwa mimi mwenyewe ndiyo habari.

Hakunipiga. Akapanda akapiga kiki. Kikohozi ikasema "fyuu." Akapiga tena. Fyuu. Akapiga mpaka kofia ikaanguka. Wanawake wawili waliokuwa wanatoka mtoni na ndoo wakasimama kuangalia, wakaanza kusalimia, wakaona nyuso zetu, wakanyamaza. Na hapo ndipo tukagundua Eze naye amenyamaza. Njia nzima alikuwa analia, na mimi kile kilio nilikuwa nakichukia. Sasa hakipo, na shingo yake imelegea kwenye mgongo wa mama.

Chuma kikinyamaza, kina mpango. Nililifikiria lile neno, nikaanza kulia mimi badala yake.

Na babu? Babu akatoa spana. Akafungua plagi, akaipuliza, akaifuta kwenye shati. Halafu akashuka kwenye kabureta. Nikaona nati ya kwanza inalegea, ya pili inalegea, mkono wake unatafuta gunia ambalo halipo. Ule ugonjwa wake ulikuwa umempanda. Angeifungua yote pale, katikati ya barabara, nati kwa nati, mpaka jioni, kwa sababu mikono ikiogopa ilijua kazi hiyo tu.

"Baba."

Sikuitambua sauti kwanza. Ilikuwa ya mama, lakini haikunipitia mimi. Ilipita juu ya kichwa changu moja kwa moja.

"Baba, acha kufungua. Tusukume."

Wale wanawake wenye ndoo walishusha macho chini. Babu akabaki ameinama na spana mkononi. Nilidhani mbingu itapasuka. Hakumtazama mama. Alizikaza zile nati moja baada ya nyingine, akarudisha plagi, akatia spana mfukoni pamoja na ile nati isiyo na kazi, akashika usukani.

"Twende," akasema. Hakusema nimwambie nani.

Mbele yetu palikuwa na kilima kifupi, halafu barabara inateremka kuelekea Mlowo. Wakasukuma. Babu upande wa usukani, mama nyuma kwenye keria, Eze mgongoni anayumba, wale wanawake wakaweka ndoo chini wakaja kusaidia, na mimi naning'inia kwenye keria nadhani nasukuma, kumbe navutwa. Pumzi za babu zilikuwa zinatoka kama Kikohozi yenyewe. Tukafika juu. Breki za pikipiki ile hazikuwa za kutegemea, basi babu alipopanda tu ikaanza kuteremka yenyewe. Mama hakusubiri mtu apange ukuta. Akapanda nyuma ya babu, palepale kwenye siti yangu iliyolowa, na babu akaninyakua kwa mkono mmoja akanibandika juu ya tangi, juu ya sabuni yake.

Tukateremka bila mlio, upepo tu masikioni. Babu akaachia klachi. Kikohozi ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Nyuma yetu wale wanawake walipiga vigelegele kama harusini.

Mimi juu ya tangi nilikuwa nimegeuka nusu, kwa hiyo niliona. Mikono ya mama ilikuwa imezunguka kiuno cha babu, imekamata vifungo vya koti. Kichwa chake kilikuwa karibu kabisa na shingo ya mzee. Na babu, anatazama barabara mbele kama mtu aliyekunywa dawa chungu, akasema:

"Mwambie mama yako ashike vizuri."

"Mama, babu anasema ushike vizuri."

"Mwambie nimeshika."

"Babu, ameshika."

"Mwambie asiogope, tunafika."

Mpaka Vwawa tulikwenda hivyo.

Eze alipokelewa mbiombio, akawekewa dripu, akachomwa sindano. Jua lilipoanza kuinama tukasikia kile kilio cha kukwaruza kutoka wodini, na babu aliyekuwa nje anafungua plagi kwa mara ya sijui ngapi akakaa chini kwenye majani, miguu mbele kama mtoto. Mlinzi mmoja mcheshi akaja kupiga naye soga, akanusa nusa.

"Mzee, suruali imekuwaje?"

"Tangi lilivuja njiani."

"Mbona petroli yenyewe inanuka hivi?"

"Ya Zambia hiyo," babu akasema, hata hakutikisika.

Nilidhani anatania. Lakini nyumbani akasema hivyohivyo. Baba aliporudi akaambiwa tangi lilivuja, ndiyo maana pikipiki ikazimwa, ndiyo maana ikabidi kusukuma. Majirani nao wakaambiwa hivyohivyo. Mama alinituma na kuku kwa babu, wa kuomba radhi kwa kumsemesha. Babu akampokea, na jibu lake lilikuwa mche mpya wa sabuni, kona moja imevunjwa. Ile kona aliibandika kwenye tangi mbele ya watu wote, kwenye ufa ambao haukuwa unavuja tena. Mimi nikamfuata, na ujuaji wangu wote wa darasa la pili.

"Mume wangu, si unajua ilikuwa—"

"Mke wangu, shika bakuli."

Na siku iliyofuata alikohoa kabla ya kuingia uani, mama akazunguka nyuma ya jiko, mimi nikarudi kazini kwangu kama simu. Iliniudhi sana. Nilidhani yale ya njiani yamebadilisha kitu. Nikamwona babu mzee mjinga anayedanganyika na sabuni yake mwenyewe.

Shule niliiacha kidato cha pili, kwa hiyo mambo huwa yananifika kwa kuchelewa. Hili lilinifika msibani kwake. Baba alisimama kuongea habari za marehemu, akahadithia safari ya Vwawa, akafika kwenye tangi lililovuja, watu wakacheka na machozi. Nikamtazama mama kule upande wa wanawake. Alinitazama, halafu akainamisha kichwa, midomo imebana kicheko. Ndipo nikaelewa kuwa wote wawili walikuwa wanajua, na kwamba lile tangi halikunifunika mimi peke yangu. Tangi likivuja, nani atamlaumu mkwe aliyepaza sauti? Nani atamlaumu mzee aliyebeba mkwewe mgongoni mpaka mjini? Miaka yote ile nilidhani wananitumia mimi kusemezana, kumbe walikuwa na njia yao nyingine, na hiyo haikupita kwangu.

Hayo yote nilimwambia Skola juzi, moshi wa yule mzee bado uko hewani. Alicheka mpaka akaegemea mitumba ya watu. Halafu akajifuta macho, akanitazama kama ananikagua akili.

"Yaani mzee wa watu amekufichia huo mkojo mpaka akaingia nao kaburini," akasema, "halafu wewe unautangaza kwenye chapati? Liza, kuwa na adabu. Ilikuwa petroli."